Sanda ya Pono

Jumanne, 14 Novemba

Segese nzima, kuanzia stendi mpaka kwenye makarasha ya wachimbaji, hakuna anayeijua bahari kama mimi Muhidini. Nimezaliwa mawimbi yakipiga ukutani. Nimeonja maji ya chumvi kabla ya maziwa ya mama, na samaki wakiniona hunipisha njia.

Haya, uongo. Nimezaliwa Ngokolo, Shinyanga mjini, nyuma ya mashine ya kusaga, na maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona ni lambo la kunyweshea ng'ombe. Mtu wa pwani alikuwa babu yangu, aliyekuja huku kuuza vitambaa akasahau kurudi. Mimi bahari nimeiona kwenye kalenda. Lakini nikikaa kwenye kahawa mdomo hunitangulia, na juzi ulinitangulia mbele ya Nkwabi.

Nkwabi ndiye mwenye duara, yaani lile shimo la dhahabu analoshuka Ahmad, mume wa mjukuu wangu Raudha. Nakaa kwao tangu nilipoacha kutengeneza redio. Nkwabi ana karasha la kusagia mawe, ana matenki ya kuchenjulia mchanga wa marudio, ule uliosagwa ukabaki na dhahabu kidogo, na ana tumbo. Sasa amenunua tangi la kioo, kubwa kama jeneza la mtu mrefu, kutoka hoteli fulani ya Dar iliyofungwa, kaliweka sebuleni kwake karibu na duara, na ndani yake samaki mmoja wa baharini, hai. Dereva aliyemleta alisema anaitwa pono, akaacha ndoo za unga wa chumvi na mfuko wa mwani mkavu, akaondoka.

"Mzee Muhidini, shikamoo. Si ulisema wewe ni wa pwani?" akaniuliza Nkwabi.

Ningejibu nini? Nimeanza kazi leo.

Ni samaki wa rangi ya tofali lililolowa. Mdomo wake umepinda kama wa kasuku, meno yameshikana. Alinitazama kwa jicho moja, akageuka, akanitazama kwa la pili, kama mtu anayehakikisha sura asije akaisahau.

Ahmad, najua husoma humu nikilala. Kalamu huirudishi ilipokuwa.

Ijumaa, 17 Novemba

Leo nimetoka kuswali alfajiri, nikaenda kwa Nkwabi, nikamkuta pono amekufa. Amelala kwenye kona chini ya jiwe, amezungushiwa kitu kama mfuko mwembamba, cheupe, unaona mpaka ndani. Sanda kabisa. Mtu wa kumkafini sikumwona. Macho yake wazi.

Nilianza kumsomea, samaki! Nikawa napanga maneno ya kumwambia Nkwabi. Ghafla sanda ikatikisika, ikapasuka upande wa kichwa, marehemu akatoka, akanyoosha mapezi, akang'ata jiwe.

Nilikaa chini pale pale kwenye zulia la watu.

Jumamosi, 18 Novemba

Sanda tena. Katoka tena. Mvua ya kwanza kubwa.

Jumatatu, 20 Novemba

Anatafuna mawe. Ukiweka sikio kwenye kioo unasikia krr, krr, krr, kama karasha lililo vijiji viwili mbali. Halafu anaenda pembeni anatoa nyuma wingu la mchanga mweupe, bila aibu.

Nkwabi alikuja na chai yake, akasikiliza. Akaniuliza kwa sauti ya chini, utadhani tuko msikitini, "Huku kutafuna maana yake nini, mzee?"

Hapo ndipo shetani wangu wa utani aliponishika shati. Mtu mwenye magari matatu ananiuliza mimi, darasa la nne! Nikakohoa, nikakunja uso.

"Kwetu pwani pono husomwa," nikasema. "Akitafuna asubuhi, ardhi imeridhia, watu washuke. Akikutwa kwenye sanda jua limeshatoka, asishuke mtu."

"Hee!"

"Ndiyo hivyo."

Nilicheka peke yangu njia nzima mpaka nyumbani. Raudha akaniuliza, "Babu, una nini?" Nikamwambia nimekumbuka mambo ya baharini.

Jumamosi, 25 Novemba

Mvua. Wanasema ni Elinino. Mimi nasema ni mvua.

Jumamosi, 2 Desemba

Tangu siku ile Nkwabi hunipigia simu kila asubuhi kabla ya watu kushuka. "Vipi, anatafuna?" Anatafuna, namwambia, nao wanashuka. Leo umeme ulikatika, jenereta likagoma, na mapazia ya Nkwabi ni mazito kama blanketi. Saa mbili pono bado yumo kwenye sanda, maana kwake ilikuwa usiku. Nilijua hivyo. Lakini simu ilipolia nikasema ukweli: "Yuko kwenye sanda."

Hawakushuka. Wakakaa juu wakicheza karata. Saa nne magogo yanayoshikilia ukuta wa duara yakakatika, matatu kwa mpigo, yakaenda chini mpaka hatukusikia yalipofikia.

Jioni vijana walinijia na soda, juisi, mikate. Ahmad, ambaye kila siku hunisalimia akiwa ameshaupita mlango, leo alisimama, akainama. "Shikamoo babu."

"Marahaba. Leo nimezeeka zaidi?"

Hakucheka. Ndipo na mimi nikaacha kucheka.

Jumamosi, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Wenye maduara wengine wamekuja kumwona pono. Wamevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mmoja katoka Geita, kasimama mbele ya kioo kofia mkononi. Pono akamwangalia kwa jicho moja, kisha la pili.

Wote wanataka wa kwao.

Jumapili, 17 Desemba

Nimeenda stendi kupokea mzigo wa Nkwabi wa chumvi. Basi la Dar limeshusha maboksi, na ndani ya maboksi mifuko ya nailoni yenye maji. Wenye maduara walikuwa wakigombania kama mahindi ya msaada. Mfuko wa kwanza ukafunguliwa, pono amekufa. Wa pili, amekufa. Wapo wekundu, wapo wa rangi ya majani mabichi na bluu, wazuri hata huwezi kuamini wametoka kwenye dunia hii. Macho wazi wote. Hakuna hata mmoja aliyewahi kujishonea sanda.

"Agizeni wengine," akasema mwenye duara mmoja. "Safari hii mifuko mikubwa."

Wamewatupa kwenye mfereji nyuma ya vibanda. Mbwa wamenusa, wakaondoka. Mbwa wa Segese, wanaokula hata plasta!

Mchezo niliouanzisha mimi. Usiku huu mwani umenuka mkononi ingawa nimenawa mara nyingi.

Jumanne, 2 Januari

Pono anabadilika. Nilidhani macho yangu. Tumboni kumeingia ukijani, na pembeni mwa mdomo mstari wa bluu kama wino.

Alhamisi, 4 Januari

Nkwabi kanishika ukosi. "Mzee, samaki wangu yuko wapi? Huyu si yule! Umeuza wangu ukaniwekea mwingine?"

Nimeapa kwa kila kitu ninachokiamini na vingine viwili. Kanipa mpaka Jumatatu kumrudisha yule mwekundu.

Jumamosi, 6 Januari

Mungu hamwachi mja wake hata mja akiwa muongo. Leo kaja afisa uvuvi wa halmashauri, binti anaitwa Scolastika. Kazi yake ni mabwawa ya sato, lakini habari za maboksi ya stendi zimemfikia. Kaja na pikipiki, matope mpaka kiunoni.

"Shikamoo babu. Wewe ndiye bingwa wa pwani?"

"Marahaba mwanangu. Pwani ipi unayoitaka?"

"Ile uliyozaliwa."

Alikuwa na macho ya mtu aliyewahi kudanganywa na wavuvi halisi. Nikamnong'oneza, "Ya kwangu ni ya kwenye kalenda." Akacheka mpaka akashika kioo. Nkwabi alipotoka kuongea na simu nikamwambia yote, kisha nikamwuliza niliyokuwa naogopa kuyauliza.

"Mbona anakula mawe?"

"Hali jiwe, babu. Anakwangua majani yaliyoota juu yake. Jiwe linaingia humo humo, analisaga kooni, linatoka mchanga. Ule mchanga mweupe wa ufukweni kwenye kalenda yako, mwingine umepita hapa." Akaonyesha makalio ya pono kwa kalamu.

"Karasha."

"Karasha lisilo na zebaki."

"Na sanda?"

"Ni ute wake mwenyewe. Anautoa mdomoni akitaka kulala, wadudu wasimnyonye damu na mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, asimnuse. Ndiyo maana watu husema fulani kalala kama pono."

Nikamwita Nkwabi asikie la rangi kwa masikio yake. Scolastika akamweleza kwamba huyu alikuwa jike, na kwenye jamii yake jike kubwa likikosa dume hugeuka likawa dume lenyewe, na rangi hugeuka pamoja nalo. Nkwabi akatazama samaki, akanitazama mimi, akaachia mdomo wazi.

"Kumbe ni yeye yule?"

"Ni yeye yule."

"Basi ana nguvu kuliko nilivyodhani," akasema Nkwabi, na nikaona maelezo yote ya binti wa watu yamepita sikio moja yakatokea la pili.

Nilimsindikiza Scolastika kwenye pikipiki. Akaniambia huyu wetu bado hajahesabiwa miongoni mwa walio hatarini, lakini ndugu yake mkubwa mwenye nundu kwenye paji la uso ameshahesabiwa. Husakwa usiku wakiwa wamelala, mtu anawamulika tochi na kuwachoma kama anayechuma matunda. "Na wakiisha hawa, babu, majani yanafunika matumbawe, mwamba unakufa, na samaki wengine wote wanakosa nyumba. Ni kama umeondoa mbuzi wote halafu msitu ukaja kuingia chumbani kwako."

"Na hawa wa kwenye mifuko, hukamatwaje wakiwa wazima?"

Alivaa kofia yake ya pikipiki kwanza. "Hawa sijui. Ila zipo nchi ambako hupuliza dawa kwenye matundu ya mwamba, samaki wakalewa. Sayanidi."

"Sayanidi ipi?"

Akaonyesha kwa kidevu matenki ya marudio ya Nkwabi, yale yenye maji ya kijani yasiyonywewa hata na nzi. "Hiyo hiyo."

Jumatano, 10 Januari

Mvua mchana kutwa. Pono amekuwa wa kijani mpaka mkiani. Anatafuna.

Jumamosi, 13 Januari

Mvua. Anatafuna. Ahmad anasema ukuta wa duara unatoa jasho.

Jumatatu, 15 Januari

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Mvua haikukatika tangu Ijumaa. Jana jioni Ahmad alituambia wamegusa mwamba wenye mali, yaani dhahabu, umeng'aa mpaka kwenye tochi, na kwamba Nkwabi ameapa leo wote watashuka. "Maji je?" nikamwuliza. "Yanachuruzika kidogo." Raudha alikuwa akimnyonyesha mtoto, hakunyanyua uso. Alisema tu, "Babu, pono wako anasemaje?"

Pono wangu.

Leo alfajiri nimemkuta anatafuna kuliko siku zote. Nkwabi alikuwa ameshaamka, amevaa mabuti, anasikiliza krr, krr, uso umemng'aa.

Nikamwambia, "Nkwabi, nisikilize. Yale ya kusoma pono niliyatunga. Pwani sijafika. Nimezaliwa Ngokolo. Ule ulikuwa utani wa mzee asiye na kazi. Ukuta unatoa jasho, usishushe watu."

Akaniwekea mkono begani kwa upole kabisa, na huo upole ndio ulionitisha. "Mzee, naelewa. Unamwogopea mkweo."

"Nakwambia nilitunga!"

"Ulitunga, ikawa kweli. Siku ya magogo tuliona wote. Labda wewe hujui kama unajua." Akatoka kwenda kuwapanga watu.

Ndugu zangu, nimedanganya maisha yangu yote na nimeaminiwa. Siku niliyosema kweli nimepigwapigwa begani.

Nikakimbia nyumbani, nikalichukua blanketi la Raudha, lile zito la maua, nikarudi, nikafunika tangi lote. Si kwake giza ni usiku? Alale, ajivike sanda, nimwite Nkwabi aone. Nikakaa kwenye zulia nikisubiri. Chini ya blanketi, krr, krr. Nikasubiri tena. Krr. Nikainua ncha kidogo nichungulie. Alikuwa ameacha jiwe. Alikuwa amesogea mpaka kwenye kioo, pale pale nilipochungulia, kama aliyejua nitainua upande upi. Jicho moja.

Nikaondoa blanketi. Nilikuwa nimeshindwa. Nje nilisikia sauti za vijana wakifunga kamba viunoni, na ya Ahmad katikati yao ikicheka. Taa zote zilikuwa zinawaka, mapazia wazi, mchana mweupe.

Nikamwambia pono. Sioni aibu kuandika. Nikamwambia, "Mimi nimekusingizia maneno mwezi wa pili huu. Leo ukitaka, sema yako."

Akaniangalia kwa lile jicho la pili. Halafu akageuka taratibu, akashuka kwenye kona yake chini ya jiwe, na kwenye mwanga ule wote akaanza kutoa sanda mdomoni. Ikamtoka kama pumzi ya asubuhi ya baridi, ikamzunguka kichwa, ikamzunguka mbavu, ikafika mkiani, ikafunga.

Sijui nilipiga kelele gani. Nkwabi aliingia mbio na mabuti yake ya matope. Akaona. Akarudi nje, na nikamsikia akisema, "Pandeni! Pandeni wote! Waliotangulia wavuteni!"

Wa mwisho kutoka alikuwa Ahmad. Walikuwa bado wanakunja kamba duara lilipoanguka. Halikupiga kishindo kama nilivyotarajia. Liliguna tu, mara moja, kama mtu aliyegeuka usingizini, na banda lililokuwa juu yake likazama ndani pamoja na miti yake. Maji ya matope yakaja juu, yakatulia.

Ahmad amekaa nami mpaka sasa, matope hayajamkauka. "Babu, omba chochote. Chochote kwangu."

Nimemwambia akaoge kwanza.

Jumanne, 16 Januari

Sina la kuandika. Nimelala kama nani, mnajua wenyewe.

Jumatatu, 22 Januari

Maboksi yameongezeka stendi. Baada ya lililotokea, hata mwenye shimo la kufukia panya anataka pono. Nimewaambia kwenye kahawa, nimewaambia sokoni, nimemwambia yule wa Geita kwenye simu: nilitunga. Wananishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja sana mzee," wananinunulia kahawa nyingine. Scolastika kawasihi mawakala wa mabasi, wamemsikiliza kwa heshima na kupakia kama kawaida.

Basi, nikafikiri. Kama kweli hailiwi Segese, nitawapikia wanachokula.

Leo nimekaa kijiweni nikakunja uso ule ule. Nikasema, "Kuna jambo sikuwaambia. Pono akifa njiani, aliyemwagiza duara lake huanguka kabla ya masika kwisha. Na akifika hai, atalinda duara, sawa. Lakini duara likishakufa, pono hakai bure. Siku atakayojivika sanda mchana na hakuna duara la kuonya, anamvalia yule anayemlisha, na huyo ndiye maiti."

Kijana wa kahawa akaacha kugonganisha vikombe.

"Kwa nini hukusema mapema?" mmoja akauliza.

"Hamkuuliza."

Uongo mtamu kuliko wote niliowahi kuupika. Nilitembea kurudi nyumbani kama bwana harusi.

Jumamosi, 27 Januari

Basi la Dar limekuja na nguo na vipuri. Boksi hata moja la samaki hakuna. Scolastika kanipigia: "Babu, umewafanya nini?" Nimemwambia nimewaelimisha.

Jumanne, 6 Februari

Duara limefukiwa kabisa. Nkwabi kahamia Ushetu kwenye tumbaku, anasema ardhi ya juu inamtosha. Matenki ya marudio kauza. Pono kaniachia mimi na nyumba yote mpaka Scolastika apate watu wa pwani wa kumchukua na kumtunza inavyopasa. Nyumba tupu ina mwangwi. Krr, krr inasikika mpaka jikoni.

Ijumaa, 9 Februari

Leo hakula mwani niliompa. Kanitazama.

Jumapili, 11 Februari

Nimeingia saa sita mchana kumlisha. Jua kali, mapazia wazi, jenereta linanguruma. Yumo kwenye sanda, chini ya jiwe, macho wazi, na amejipanga akitazama mlango ninaoingilia.

Nimesubiri mpaka alasiri. Hakutoka. Najua alivyosema binti: ute, wadudu, mkunga. Najua pia nani aliyetunga lile lingine, na kijiwe gani, na nilivyotembea kurudi nyumbani siku ile. Nimecheka kidogo. Kicheko kimerudi kutoka chumba cha mwisho kikiwa kimechelewa.

Ahmad, kwa kuwa unasoma humu. Uliniambia niombe chochote na sijaomba. Naomba kidogo tu. Kesho asubuhi tangulia wewe, ufunguo upo kwenye kopo la majani ya chai. Usimlishe, nakukataza, usiguse hata ule mfuko wa mwani. Angalia tu kwenye kona. Ukikuta ameshatoka, piga mluzi nisikie mpaka nyumbani. Ukikuta bado, usipige kitu, usimwambie Raudha. Niwekee tu kiti changu pale mbele ya kioo, na blanketi lile la maua, nitakuja mwenyewe.